Pikapu ya Kwenda Karema

Mwezi uliopita nilipita Nsemulwa, mtaa tuliokulia, nikakuta mtu anachemsha nta ya nyuki nyuma ya nyumba. Ile harufu! Nilisimama njiani kama mtu aliyesahau anakokwenda, machozi yakanilengalenga. Nta ndiyo iliyotengeneza gari la baba yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mzungu mmoja wa mgodini, alikofanya kazi baba, alipoondoka alimwachia pikapu mbovu, haina tairi, injini imekufa, kuku wanataga kwenye viti. Jirani yetu aliiita banda. Lakini baba alikuwa na haja nayo. Bibi, mzaa mama, alikuwa Karema, ziwani, na mama asingeweza kuuvuka msitu wote ule wa njiani kwa miguu, maana mguu wake mmoja ulipooza alipomzaa mdogo wangu. Baba akamwahidi kwamba atampeleka kwa mama yake akamwone.

Kila msimu wa asali ulinunua kitu kimoja. Baba alitoka kazini akaingia msituni kushusha mizinga, mama akachemsha masega na kukamua nta, sisi tukilamba asali mpaka viwiko. Nta ikiuzwa, kifaa kinaagizwa Tabora, kinakuja kwa treni. Mwaka huu rejeta, mwaka ujao tairi mbili. Safari moja wauzaji walileta kifaa cha gari jingine kabisa. Baba akatupa spana kwenye mihogo, akasema basi, ameshindwa.  Mama alijifunga kanga yake ya kanisani, akapanda garini, akakaa. "Haya, baba watoto, twende. Tumefika wapi?" Baba alinuna, halafu akacheka, akashika usukani. Wakasafiri hadi Karema wamekaa palepale, mama akimtajia mito na vijiji, mpaka ugali ukapoa. Alfajiri baba alikuwa kwenye mihogo anatafuta spana.

"Mwenda pole hajikwai," alipenda kusema. Jirani naye alikuwa akimjibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Nilimchukia yule jirani, kumbe alisema kweli.

Ilibaki betri tu alipokuja mchuuzi wa dagaa kutoka ziwani. Siku zote alimletea mama furushi la bibi. Safari hii alikuja mikono mitupu, akavua kofia. Bibi alikuwa ameshazikwa.

Baba alimaliza gari hivyo hivyo. Sijui moyo aliutoa wapi. Nadhani hakujua afanye nini kingine. Asubuhi lilipowaka, mtaa mzima ulishangilia, hata jirani. Baba akafungua mlango, akasimama ameushika. Mama alitoka jikoni akifuta mikono. "Hongera, baba watoto. Umefanya kazi kweli. Ila mie niende kwa nani sasa?" Akarudi jikoni.

Mama hakuipanda pikapu ile hata siku moja. Ilibeba mahindi ya watu wa kijiji cha Kakese mpaka ikachoka, ikauzwa chuma chakavu. Mgodi umefungwa, msitu umekatwa, wazazi wangu wote wawili wamelala udongoni. Watu husema mvumilivu hula mbivu. Baba yangu alivumilia, mbivu akaipata, na hakuwa na wa kumlisha.