Mwanamke Niliyemchora Mgongo Kibirizi

Wakuu, hii imenikuta mwenyewe hapa Kigoma, mwaka jana. Nikiikumbuka damu bado inachemka.

Jumatatu asubuhi nafika mwaloni Kibirizi, pale boti za dagaa zinaposhusha, nakuta mchoro wangu hakuna. Ukuta mzima wa ghala la dagaa umepigwa chokaa. Mweupe pee!

Wiki tano nilikaa juu ya ngazi pale.

Naitwa Nehemia, mwalimu wa sanaa sekondari. Miaka kumi na nne nawaambia wanafunzi: chora unachokiona, usimwombe mtu ruhusa. Kauli hiyo nilikuwa najivunia balaa.

Na mimi nilichora nilichokiona. Wanawake wanaanika dagaa, mbele kabisa mmoja kainama, katupa mgongo, kanga imembana. Watu walikuwa wanakuja kupiga picha pale.

Nikamvaa Pastory, msimamizi wa ghala, kwa sababu hakuwahi kuupenda ule mchoro.

"Kazi yangu umeifuta kwa nini?"

"Mwalimu, na mimi nimeukuta hivihivi."

"Muongo! Kichwa kimejaa dagaa, sanaa utaijulia wapi?"

Nikamtukana mbele ya wapagazi na wateja wake. Mzee wa watu akainamisha kichwa, akaingia ndani.

Darasani nilifika bado nafoka. "Aliyefuta ule mchoro ni mshenzi!"

Lulu akasimama. Kidato cha tatu, binti mwenye mkono mzuri kuliko wote niliowahi kufundisha.

"Ni mimi, mwalimu. Jana, ghala likiwa limefungwa."

"Unajua ulichofanya wewe?"

"Na wewe mwalimu, unajua?" Sauti ilikatika, macho hayakushuka. "Yule aliyeinama ni mama yangu. Wanaume wanaipiga makofi ile picha pale kanga ilipombana, halafu wanamwuliza mama kama kasikia. Miezi minne! Sasa anaanika mwisho kabisa wa ufukwe, peke yake."



Unajua nilifanya nini? Nilimfukuza. Aibu ilinibana, nikaigeuza hasira.

Siku mbili nikawa nayarudia maneno ya Lulu kichwani. Siku ya tatu nikatembea hadi mwisho wa ufukwe. Mama Lulu alikuwa anageuza dagaa juani.

"Dada, nisamehe. Nitakuchora upya, safari hii uso wako, upendeze."

Hakuinua kichwa. "Jina langu nani?"

Sikulijua.

"Kanga yangu umeijua mpaka mikunjo, jina hukuuliza. Sitaki picha yako. Mrudishe mwanangu darasani. Na Mzee Pastory ukamwombe radhi palepale ulipomtukania."

Nikaenda. Mbele ya wapagazi walewale nikasema, "Shikamoo mzee. Nilikukosea." Mmoja akacheka, akanong'ona kuhusu ile picha. Nikamgeukia yeye, nikamkemea, na siku hiyo mwalo mzima ulinisikia.

Lulu amerudi. Ananipa shikamoo, zaidi ya hapo hana neno na mimi. Simlaumu.

Yule mama anaitwa Zaitun. Nililijua jina lake nikiwa nimeshamharibia kazi.

Wasanii wenzangu, mtu si mandhari. Kabla hujashika brashi, msalimie, kaa naye, msikilize. Akikataa, funga rangi zako uende. Na wewe uliyezoea kusifiwa, chunga sana: siku ukiguswa utamrukia kila mtu, kumbe mkosaji ni wewe.