Pikipiki ya Baba Ilivyorudi kutoka Kenol

Mtaniwia radhi kwa mwandiko huu na kwa makosa ya tahajia. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu. Sentensi moja hunichukua muda wa kuchemsha chai. Lakini kuongea ndiko kunanishinda kabisa, kwa hivyo nimeona afadhali niandike.

Baba yangu alikuwa daktari wa ng'ombe hapa Wamagana, Nyeri. Hakuwa daktari wa kusomea miaka mingi. Alikuwa yule wa kuitwa ng'ombe akihitaji mbegu ya fahali, au ndama akikwama kutoka. Alizunguka Tetu yote kwa pikipiki moja ya zamani, yenye umri wa kunizidi. Watu waliijua kwa sauti. Mama alikuwa akiisikia inavuka mto kule chini, anainuka na kurudisha sufuria jikoni, na chakula kinapata moto baba akiingia.

Mimi na yeye hatukuwa watu wa maneno. Tulikaa pamoja kwenye kabureta. Kwa wasioijua, hicho ndicho kidude kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli ikizidi, pikipiki inatoa moshi mweusi na plagi inashika masizi. Hewa ikizidi, inakohoa na kupata moto kupita kiasi. Baba alikuwa na kanuni zake. Jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu dogo la kupitisha petroli, hakikuguswa kwa waya hata siku moja. Aling'oa unywele wa mkia wa ng'ombe akaupitisha taratibu, kwa sababu waya hukwaruza, na tundu likishapanuka halirudi. Halafu alifunga skrubu ya hewa hadi mwisho, akaifungua mzunguko mmoja na nusu, na kutoka hapo alifuata sikio. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake kwenye taya, akafumba macho. Akiridhika alifumbua macho. Alinipa bisibisi niirudishe kwenye mkebe, na mimi nikajua.

Mwaka jana, wakati wa ile baridi ya mwezi wa saba, alianguka zizini. Alipooza upande wa kulia na ulimi ukafunga. Masikio yalibaki mazima. Hospitalini walimwambia mama kwamba ni kiharusi, na pigo la pili likija, huenda asiamke.

Pikipiki ilikaa chini ya paa la ghala mpaka petroli ikaganda ndani ya kabureta kama gundi. Siku moja niliitoa nikaisafisha. Ikawaka, lakini ikawa inakohoa. Baba alikuwa amekalishwa nje, blanketi magotini. Akatikisa kichwa kukataa.

Ndipo nilipofanya kitu ambacho sikuwahi kufikiria. Nilimsogeza pamoja na kiti chake mpaka karibu na injini, nikamwekea mpini wa bisibisi kwenye taya la upande mzima. Kwa mkono mwingine nilimshika kichwa, maana shingo ilikuwa dhaifu. Sikuwa nimewahi kumshika baba kichwa. Nywele zake zilikuwa laini kama za mtoto. Alisikiliza, kisha akaniongoza kwa mkono wa kushoto: kidole juu, nifungue skrubu, kidole chini, nifunge. Nikigeuza kidogo, narudi kumwekea tena bisibisi. Kazi yetu ikawa hiyo kila jua lilipotoka, kwa wiki kadhaa. Nadhani zile ndizo siku ambazo tumeongea zaidi maishani.

Tulikaribia, lakini hatukufika. Asubuhi moja nilimwekea jeti kiganjani. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaiangusha chini. Ilikuwa imechakaa. Nilitaka jambo moja tu, aisikie pikipiki yake ikilia sawasawa kabla ya lile pigo la pili. Mafundi wa mjini Nyeri waliniambia jeti kama ile haipatikani tena. Mmoja wa Kiganjo akanielekeza kwa fundi wa Kenol, mji ulio kule chini, anayeweka vyuma vya zamani. Nikateremka nayo ikikohoa hivyo hivyo. Baba alikuwa amekaa karibu na lango, akainua mkono wa kushoto.

Pale Kenol kulikuwa na benchi la wateja, na mbele yangu kulikuwa na mwanamume mmoja mnene. Fundi alimwuliza ametoka wapi. Akasema Nyeri.

"Nyeri? Na bibi amekupatia ruhusa?"

Benchi lote likacheka. Mwingine akasema aangaliwe kichwani kama hana alama ya mwiko. Mnajua ile hadithi ya kwamba wanawake wa kwetu hupiga mabwana zao. Yule mwanamume hakujali. Alisema bibi ndiye alimtuma, na asiporudi saa kumi atakuja mwenyewe na hakuna atakayebaki kwa benchi. Wakacheka zaidi. Nilijua zamu yangu inakuja, na mimi sina jibu kama hilo. Hata bibi sina.

Nilikuwa nimekuja kutafuta jeti peke yake, nikairekebishe nyumbani na baba. Lakini fundi alipoitazama pikipiki alifurahi, akasema ataipanga mwenyewe mpaka iimbe. Sikuweza kumkatalia. Akachukua mkebe wa jeti za kila ukubwa, akaniuliza, "Kijana, hii inafanyia kazi wapi? Hapa ama huko juu?"

Nilitazama viatu vyangu. Kusema juu ni kusema Nyeri, na benchi lote lilikuwa linasikiliza.

"Hapa tu," nikasema.

Ni maneno mawili. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na petroli lazima ipunguzwe. Chini kule inahitaji zaidi. Nilijua hayo tangu nikiwa mdogo. Fundi naye alijua, ndiyo maana aliuliza. Akaweka jeti kubwa, akageuza skrubu, na ikalia vizuri sana. Nilitoka pale nikitabasamu peke yangu ndani ya helmeti.

Mpaka Sagana ilikuwa safi. Kupanda kwenda Karatina ikaanza kuwa nzito. Nikaangalia nyuma nikaona moshi mweusi. Nilisimama kusugua plagi, nikaenda, nikasimama tena. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nilipofika mto wa nyumbani, karibu na jua kutua, pikipiki ilikuwa inalia kama kinu cha posho kilichowekewa mahindi mabichi. Ikazima. Nikaisukuma mlimani kwa mikono.

Yaliyotokea nyumbani niliambiwa na dada yangu mkubwa. Alisema baba alikataa kuingizwa ndani tangu saa sita. Kila pikipiki iliyopita barabarani aliinua kichwa, akasikiliza, akakitikisa. Nilipofika mtoni dada alinisikia. Akamwambia, "Baba, si huyo ni yeye?"

Baba alisikiliza mpaka sauti ikazima. Akatikisa kichwa.

Baridi ilikuwa imezidi, kwa hivyo dada akamrudisha ndani na kumlaza. Nilipofika langoni alikuwa ameshalala. Sikumwamsha. Nilijua kosa liko wapi, na ni kazi ya nusu saa. Nikasema kesho nitamkalisha pale nje tuimalize pamoja.

Asubuhi nilitangulia kutoa vifaa. Nilikuwa nimeshafungua kabureta mama alipoingia chumbani kwa baba na uji. Nilisikia kikombe kikianguka.

Tulimzika mwishoni mwa wiki iliyofuata, na watu wengi walikuja, hata wale wa ridge ya pili, ng'ambo ya mto. Baada ya hapo nilipata jeti ndogo nikaipanga. Sasa inalia kama zamani. Nikipita nayo, kina mama wazee hutoka mpaka kwa ua, wakifikiri ni daktari. Wakiniona ni mimi, wananisalimia vizuri tu, lakini ninaona nyuso zao.

Mama hajui nilichosema pale Kenol. Dada nilimwambia. Yeye anasema baba alijua ni mimi, kwamba alitikisa kichwa kwa sababu pikipiki haikuwa imepangwa vizuri, kama alivyofanya siku zote. Huenda. Au huenda alilala akiamini kwamba bado sijarudi.

Kama kati yenu kuna aliyeuguza mtu asiyeweza kusema, ninaomba aniandikie. Aniambie kama wao hututambua hata tukija kwa sauti nyingine. Hata mistari miwili itanitosha. Na kama jibu ni hapana, niandikieni pia.