Boneti iliyogoma siku ya kumpokea baba mkwe

Salaam wakuu. Haya yamenikuta mwenyewe na siongezi chumvi. Ile ya baharini imetosha.

Mimi ni mtu wa bara, kazi iko bandarini, nimepanga mtaa wa Kuze, Mombasa. Gari langu hulala nje, na upepo wa hapa hula chuma kama mchwa ulavyo mbao. Kitu kikianza kukwaruza, nilikuwa nakipulizia ile spreyi ya kulegeza kutu, basi. Milango, boneti, vitasa, vyote dawa moja.

Siku hiyo nilienda stesheni kumchukua babake Mercy, mchumba wangu. Alikuja kuniona kabla ya kujibu posa.

Mzee mkimya huyo! Nilikaa wima kwenye usukani kama niko kwenye intavyuu.

Tulipofika Kibarani, njiani kurudi mjini, mshale wa joto ukapanda. Nikaegesha, nikavuta mkono wa boneti.

Wapi.

Mvuke unatoka, boneti haifunguki, na mkwe anatazama. Jasho lile halikuwa la joto la Mombasa peke yake.

Mzee akashuka, akavua koti. Akaniambia nikae ndani nivute polepole, naye akawa anaikandamiza boneti kwa viganja huku akiigongagonga. Mwishowe ikaachia. Tukangoja injini ipoe, tukakaza paipu iliyolegea, tukaongeza maji.

Nikajua posa imeishia hapo. Kumbe yeye anauliza, "Duka la vipuri liko wapi?"

Nikampeleka kwa Bi Zarina, mama wa Kihindi mwenye duka karibu na soko la Marikiti. Kwanza akauliza gari linalala wapi. Kisha akatueleza kwamba ile spreyi hulegeza tu, ikikauka chuma hubaki uchi. Komeo la boneti na bawaba zinataka grisi isiyooshwa na maji, ile ya mashine za boti. Tundu la ufunguo linataka unga mkavu wa grafaiti, maana mafuta hukamata vumbi. Mipira ya milango inapakwa silikoni, kwani grisi ya kawaida huiharibu.

Mzee akabisha. Kwao Machakos oili ya injini imetosha bawaba miaka yote.

"Kwenu hakuna bahari, mzee," Bi Zarina akamjibu.

Hapo ndipo nilipomsikia mzee akicheka kwa mara ya kwanza.

Jioni Mercy alitukuta uchochoroni, mikono imechafuka mpaka viwiko, tunapaka bawaba na kubishana mambo ya soka. Akamuuliza babake, kwa wasiwasi, mazungumzo yamefika wapi.

"Kijana huyu husikia akiambiwa," mzee akasema, bila kuinua kichwa. "Mwambie mamako aanze kujitayarisha."

Wakuu, nilichojifunza: kila sehemu ina mafuta yake. Na osha chumvi, sugua kutu, kausha, ndipo upake. Ukipaka juu ya uchafu umeufungia ndani.

Mnaokaa karibu na maji, nyinyi mwatumia nini? Na kama kuna aliyepimwa na mkwe kwa mtihani mgumu kuliko wangu, karibu atusimulie.