Sufuria ya Anyesi

Nani kakudanganya kwamba pikiniki mmeileta nyie na hiyo redio kaseti yenu? Bibi zetu walikula porini siku za kurina asali, wanarudi midomo inanata. Na sisi wa kwaya, kila Jumatatu ya Pasaka tulienda bwawani huko Misunkumilo, tunapikia kwenye mafiga, wali unanukia moshi, viboko wanakoroma majini. Raha yake huijui, mwanangu. Uchungu wake ndio huujui kabisa.

Sheria ilikuwa moja: kila nyumba inabeba sufuria yake, zote zinafunuliwa mkekani, na kila mtu anachota kidogo kila sufuria. Hakuna kuruka.

Jumatatu moja naikumbuka vibaya. Kaka yangu Zabroni alikuwa anataka kumwoa Anyesi, binti wa Kirundi wa kule kambi ya wakimbizi. Wazee walishaanza kuongea mambo ya posa. Anyesi akaja na ugali wa muhogo na maharage ya mawese, kapika tangu alfajiri. Kiongozi wetu, dada mmoja mwenye maringo, akafunua, akafunika.

"Hiki cha wakimbizi tuwaachie viboko."

Watu kucheka! Mimi damu ikachemka. Nikafunua, nikamega tonge kubwa, nikawa nawatukana huku natafuna.

"Kula, shemeji, acha kelele," Anyesi akaniambia. Lakini macho yake yalikuwa kwa Zabroni.

Zabroni akainamia wali wake na paja la kuku.

Anyesi akafunga sufuria kwenye kitenge, akajitwika, akaondoka. Wiki ileile kaka akamfuata kwao na sukari, kuomba radhi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Akajibiwa mlangoni: "Mbele za watu umeona aibu kula nilichopika. Mbele za watu utanioaje?"

Kaolewa na mwingine, kijiji cha Kasekese. Kaka yangu nitampigania kwa mtu yeyote, ila hilo simtetei mpaka kufa.

Basi sikia, na mimi sio mzee, nimekutangulia tu kuungua. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, halafu akija tunamfunikia sufuria yake. Mtu wako akidharauliwa, simama palepale, hata kama mdomo umejaa. Usingoje kwenda kwao. Mungu akupe tumbo lisilochagua na shingo isiyoinama.

Jumatatu hii ikipita sufuria wanayoicheka wenzako, utachota, au utasema umeshiba?