Mama Apiga Hodi Kisiwani

Mashua yetu ni ndogo, ya faibaglasi, ya zamani, na dirisha lake moja la kushoto huvuja hata tulizibe vipi. Mume wangu aliinunua kwa mzee mmoja wa kazini kwake Kista, huku Sweden, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kupanda ngazi. Mume wangu ni mtu wa Singida, mimi ni Mluhya wa Kakamega. Katika koo zetu zote mbili hakuna aliyewahi kushika tanga. Tulijifunza kwa kugonga gati. Lakini sasa ukitaka kuniona nimekasirika kweli, niambie tuiuze.

Mwaka ule mama yangu alipokuja kututembelea, alikuta mashua bado iko nchi kavu, imeegemezwa kwenye vyuma, ikisubiri winchi ya klabu ya mashua iishushe majini. Nilimtoa nyumbani Hagsätra nikampeleka pale uwanjani, nikamkalisha kwenye kiti na kumfunika blanketi, nami nikaingia chini ya mashua na ovaroli yangu. Kwanza unakwangua vile vidudu vyenye magamba vilivyong'ang'ania tumbo la mashua, halafu unapiga msasa, halafu unapaka rangi ya kuvizuia visirudi. Rangi yenyewe hukudondokea usoni. Mama alinitazama weee, mwishowe akasema, "Ng'ombe nikimpaka dawa ya kupe, ananipa maziwa. Hili linakupa nini?"

Nilicheka, nikamwambia linatupa visiwa. Yeye hakucheka. Mama hakuja Sweden kutalii. Alikuwa amenitengea kipande cha shamba kando ya nyumba yake, ameshachagua hata mahali pa kuchimba kisima, na alitaka jibu kabla hajapanda ndege: ninarudi nyumbani au sirudi. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu. Katika jengo letu alikuwa akiwasalimia watu kwenye lifti kila asubuhi, nao wanatazama viatu vyao. Akaniuliza, bila hasira, siku nikiugua na mume wangu yuko kazini, nitapiga hodi kwa nani. Nilijua tu kwamba sitaki kurudi, na kwamba sina uso wa kumwambia hivyo mama yangu.

Nikaona dawa ni kumpeleka visiwani mashua ikishashushwa majini, alale huko usiku mmoja, aone tunachokipenda.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawabanani kwenye kiti kimoja, na kulala chumba kimoja ni jambo lisilosemeka. Mume wangu hakulelewa hivyo, lakini alilishika vizuri kuliko wajomba zangu. Kwenye fleti tuliweza, kwa sababu kuna milango. Kwenye mashua, mama alikaa mbele kabisa, jaketi la kuelea juu ya leso, mgongo ametupa sisi. Mume wangu alikaa nyuma na usukani wake. Mimi nilikuwa katikati, kazi yangu kupeleka habari. Mwambie mama tunageuza, ainame. Mwambie mkwe asiilaze mashua hivyo. Upepo haungoji ujumbe uende na urudi, na mara kadhaa tanga lilipita juu ya kitambaa cha kichwani cha mama kabla sijamaliza kusema.

Jioni, jua bado likiwaka, tulifunga pua ya mashua kwenye msonobari wa kisiwa kimoja na kutupa nanga nyuma. Nilikuwa nimepakia chapati, sufuria, mablanketi, hata dawa ya mama ya presha. Jambo moja tu halikutupitia akilini, mimi wala mume wangu: kwamba ndani ya mashua ile, kinachotenganisha kitanda na kitanda ni pazia. Mama alichungulia, akaliona lile pazia, akarudi nje. Mume wangu alielewa papo hapo, akaanza kutandika tanga la akiba juu ya mwamba ili alale huko. Mama akaniagiza nimwambie kwamba mkwe wake hatalala nje kama mlinzi kwa ajili yake. Kisha akainua macho, akaona nyumba nyekundu nyuma ya miti. Akachukua kifurushi cha chapati akaanza kupanda.

Tuliganda. Huku unaruhusiwa kufunga mashua mwambani, lakini nyumba ya mtu unaipa nafasi, unajifanya huioni nayo inajifanya haikuoni. Miaka yote tuliyozunguka visiwani hatukuwahi kugonga mlango hata mmoja. Nilimkimbilia nikimwambia watu wa huku hawafanyi hivyo. Aliniuliza, bila kusimama, wageni wao basi hulala wapi.

Alifika mlangoni akaita hodi kwa ile sauti ya kwetu ya kuvuka bonde. Akafungua bibi mmoja wa Kiswidi, miwani kichwani, mikono imejaa udongo. Akaniuliza kuna mtu ameumia, au injini imekufa. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiswidi changu chote. Mama akanigusa mkono.

"Usimwombe msamaha," alisema. "Mwambie ukweli."

Nikamwambia ukweli: huyu ni mama yangu, kwa mila yetu hawezi kulala chumba kimoja na mume wangu, na anaomba mahali pa kulala usiku huu. Bibi alijifuta udongo mikononi, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha akauliza jambo moja tu: mama yangu anaogopa paka?

Asubuhi niliwakuta wamekaa kwenye ngazi wanamenya viazi, kila mmoja anazungumza lugha yake na hakuna anayejali. Bibi aliniambia kwamba watu hufunga mashua mwambani kwake kiangazi kizima, lakini hakuna aliyewahi kupanda hadi mlangoni. Yeye alidhani hawataki kumwona. Nilimtafsiria mama. Alitikisa kichwa taratibu, akaendelea na viazi.

Tulipoondoka, bibi alishuka hadi mwambani, akatufungulia kamba, akaisukuma pua ya mashua kwa mikono yake miwili. Mama alikaa mahali pake mbele, mgongo kwetu. Tulikuwa tumeshapandisha tanga aliposema, bila kugeuka, na bila kunipa mimi nipeleke:

"Mkwe. Nilikuja kumchukua mtoto wangu."

Mume wangu alikaza mkono kwenye usukani. "Ndiyo, mama."

"Nimepiga hodi, wamefungua. Nakuachia."

Neno hilo nilikuwa nikimwomba Mungu tangu mama aliposhuka kwenye ndege. Nilipolisikia, nililia kama mtoto aliyeachwa siku ya kwanza shule ya bweni. Mbele yetu palikuwa na mawe, mashua ilibidi igeuzwe. Mume wangu alingoja, halafu akasema kwa upole, "Mwambie mama tunageuza."

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Mama alikuwa ameshainama.