Jangwa la Kando ya Ziwa

Sijaona werevu wa kipumbavu kama ule wa kujenga jangwa kando ya ziwa. Nilishiriki kulijenga, kwa hiyo nina haki ya kuucheka. Tulikuwa upande wa Homa Bay, mahali ambapo ukisimama kwenye ua unaona maji hadi macho yachoke, na kazi yetu ilikuwa kuhakikisha pamba haiyapati.

Wazo lilikuwa la Daktari. Hakuwa daktari wa kutibu mtu. Alisomea maji, mabomba na udongo, na alitaka kujua pamba inavumilia kiu kiasi gani ili ikalimwe kwenye majangwa ya kaskazini. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiende kuipanda hukohuko kaskazini. Alisema barabara za huko ni mbaya. Basi tukapanda vipande vitatu, kila kimoja na mita yake ya maji. Cha kwanza kilipata maji tele kwa mabomba ya matone, cha pili kilipata nusu, na cha tatu, tulichokiita kipande kikavu, kilipata maji ya kulamba tu. Juu ya vyote tukajenga paa la nailoni, mvua isije ikatuharibia jangwa letu. Wingu likitanda, mimi na mlinzi tulikimbia kufunika huku majirani wamesimama njiani wakivunjika mbavu. Wao walikuwa wametoka kanisani kuomba mvua hiyohiyo.

Mimi ni Mkuria, binti wa wakulima wa karibu na Ntimaru, na Kidholuo changu ni cha salamu tu. Na mwenye shamba tulizungumza Kiswahili. Alikuwa mama mjane aliyenunua samaki ufukweni, akawaosha, akawakaanga na kuwapeleka sokoni. Kipande kikavu kilipakana na jiko lake. Daktari alilichora jiko hilo kwenye ramani yake kwa rangi nzuri kabisa, bila kujiuliza linamwaga maji wapi.

Mwezi wa pili kipande kikavu kikaanza kuvipita vingine. Nilipima mara mbili, nikidhani rula imenidanganya. Majani yalikuwa mapana, kijani chake kimekolea, na vitumba vilikuwa vinene. Daktari alikuja na kofia yake pana, akapiga magoti, akapiga picha hadi simu ikaisha chaji. Aliwaona pia paka watano wamelala chini ya pamba ile, na kwingine hakuna hata mmoja. Akanieleza kwamba wanafuata kivuli. Msomi mzima.

Mimi niliwafuata paka. Asubuhi moja niliwahi kazini, nikamkuta mama na karai la maji ya kuoshea samaki, anatembea mstari kwa mstari akimimina kwenye kila shina, damu, magamba na vyote. Hakushtuka wala hakujificha. Kule kwao mwanamke wa samaki hamwagi maji hayo uwanjani yakavunda. Humpa mgomba au sukuma wiki, chochote kilicho karibu na jiko. Nilimwambia kipande hicho kinatakiwa kubaki na kiu.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "wewe umesoma, lakini hii pamba iko na kiu na ziwa iko hapa. Watu wakipita watasema mimi ni mvivu. Hiyo aibu nitaweka wapi?"

Siku hiyohiyo nilimpigia Daktari simu nikamweleza yote, hata magamba. Alisema matokeo ameshayapeleka kwa wakubwa wake, na kwamba maji ya samaki ni kitu kidogo, na kwamba kazi yangu ni kuandika kile mita inachosoma. Akanikumbusha, kwa upole kabisa, kuwa mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Nikaandika kile mita ilichosoma.

Hazikupita wiki mbili wakaja wageni kutoka kaskazini, wafugaji, kuona muujiza. Mwenyekiti wao alikuwa mtu wa rika langu, mpole, mwenye daftari. Aliniambia wana kisima kimoja, na kando yake eneo moja lililozungushiwa miiba, wanalolitunzia nyasi ya mbuzi wakati wa kiangazi. Walikuwa wamekubaliana kuling'oa lote wapande pamba, ikiwa kweli pamba hii inaishi kwa maji haya. Alingoja Daktari asogee pembeni ndipo akaniuliza mimi, nadhani kwa kuwa aliona viganja vyangu vina udongo.

"Dada, wewe ndio unakaa nayo kila siku. Hii maji kidogo inatosha kweli?"

Daktari alikuwa hatua kumi tu kutoka pale.

"Mita ndiyo hiyo," nilimwambia. "Jisomee."

Akainama, akaisoma, akaandika daftarini kwa uangalifu. Jioni walipakia magunia ya mbegu wakaondoka. Mkataba wangu ukaongezwa.

Nimemdharau Daktari tangu wakati huo, na namdharau hadi leo, kofia na ramani na paka wake. Ni dharau inayonisaidia kulala.

Msimu ulipokwisha simu yangu ililia, na alikuwa yule mwenyekiti. Pamba yote ilikauka kabla haijafika magotini. Nyasi hawakuwa nayo tena, na mbuzi walikuwa wanakufa. Nilijiandaa kutukanwa; kusema kweli, nilitamani anitukane. Badala yake akaomba radhi kwa niaba ya kikundi chake. Alisema wao ni wafugaji tu, kilimo hawakijui, pengine walimwagilia vibaya, na tusiwachukie kwa kuiharibu mbegu yetu nzuri.

Nikamwambia tumewasamehe.