Pashley Hakukimbia

“Hakuna Pashley aliyewahi kumpa adui kisogo,” alitangaza Desmond Pashley mbele ya baa nzima pale Horncastle, mji mdogo wa Uingereza, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ua jekundu la karatasi kifuani. Hapo hapo akaahidi kibao cha shaba chenye jina la babu wa babu yake, George, askari wa mgambo wa Lincoln.

“Adui gani, Des?” aliuliza Norris, muuza nyama. “Mgambo walipiga gwaride siku ishirini na nane kwa mwaka, wakarudi kwenye viazi. Alipigana na kunguru?”

Desmond aliezeka mapaa miaka arobaini na mbili. Mtu wa juu hapendi kuchekwa na walio chini. Akapanda treni hadi London, kwenye hifadhi ya nyaraka, akaomba fomu ya George ya kujiandikisha jeshini.

Akaipata. Mwaka 1855, kibarua, kovu kidevuni. Umewahi kuandikishwa kwingine? Hapana. Pembeni, kwa wino mwekundu: “Amekiri. Alitoroka mgambo wa Nottingham, alikoandikwa kwa jina lake halisi, George Mudd. Amesamehewa.”

Siku zile kila aliyejiandikisha alipewa bakshishi, na wajanja walivuka kwenda jimbo la pili, wakabadili jina, wakapokea tena. Jina la Pashley alilitoa wapi, fomu haisemi.

“Kwa hiyo mimi ni Mudd,” alimwambia mkewe, Glenys. Kwa Waingereza jina hilo linasikika kama tope.

“Nimesaini Pashley miaka arobaini na sita. Mudd utakuwa peke yako, mume wangu.”

Mchongaji alitaka maneno ya kibao kabla ya Ijumaa. Desmond angeweza kunyamaza. Norris hata mji wa Lincoln anauona mbali, sembuse London. Alhamisi akaingia baa na nakala ya fomu, akaisoma kwa sauti, hata maneno ya wino mwekundu.

Norris alicheka mpaka akaweka glasi chini. “Kumbe alikimbia!”

“Aliyekimbia ni Mudd,” alisema Desmond. “Geuza karatasi.”

Norris akageuza. George Pashley, ametimiza miaka mitano, tabia njema.

“Lakini Nottingham je?”

“Alichowapa Nottingham ni kisogo, sikatai. Tangu lini Nottingham ni adui?”

“Tangu mpira uanze,” mtu wa pembeni akajibu, na Norris akawanunulia wote bia.

Kibao kiko juu ya meko ya baa: *George Mudd, aliyeitwa Pashley*. Mchongaji hutoza kwa herufi. Kwa majina mawili, Desmond alilipa pauni sitini na nne.